Herufi M

Chuo chetu kilikuwa kidogo: majengo saba ya matofali,
ghala la nafaka ng'ambo ya reli,
na baridi ile ya Dakota Kaskazini
inayogandisha kope kabla hujamaliza kufunga mlango.
Wanafunzi mia tisa. Orodha sita.

Msajili ana yake, kadi za manila kwenye visanduku vya bati.
Mhazini ana yake, kwenye mashine inayonguruma kama jokofu bovu.
Maktaba, bweni, zahanati, kasisi:
kila ofisi na kufuli lake, kila kufuli na mwenyewe.

Niliajiriwa Agosti kuziunganisha.
Nilikuwa na miaka ishirini na minne na diski kumi na mbili,
nikaambiwa: tengeneza kanzi moja, wote wachote humo.
Bi Ardis Tveit, karani wa masjala kwa mwaka wa thelathini na moja,
alinitazama juu ya miwani
kama unavyomtazama fundi aliyekuja kung'oa jino
akakosea nyumba.
"Chota," akasema, "lakini usitibue."

Nikamkuta Kristine mmoja ameandikwa mara nne:
kwa K, kwa C, kwa jina la babake, kwa jina la mume,
maktaba ikimdai kitabu cha ufugaji nyuki tangu mwaka juzi,
zahanati ikidhani ni mvulana.
Nikacheka. Siku zile nilicheka sana.

Novemba akaja mama mmoja, Verna Brekke,
buti zimejaa theluji, mkononi mfuko wa mkate,
na ndani ya mfuko barua tatu za karo.
Akazipanga kwenye kaunta, moja, moja, moja,
akazinyoosha kingo kwa kiganja.
"Nani hapa," akauliza, "hajui kwamba Lyle amefariki?"

Kasisi alijua; ndiye aliyemzika.
Bweni lilijua; kitanda chake kilikwisha kupewa mwingine.
Bi Ardis alijua: aliandika M kwenye kadi, kwa kalamu ya risasi,
akakaa kidogo kabla ya kuchukua kadi inayofuata.
Mhazini alipokea nakala, akaiona M,
na kwake, tangu enzi za aliyemtangulia,
M ni mdaiwa.

Hakuna aliyekosea.
Ningempata mkosaji, ningelala.

Usiku ule nilifuta jedwali lote la vifupisho.
Nikaandika maneno yakiwa mazima: *mdaiwa*. *Marehemu*. *Amehama*.
Msimamizi wangu akalalamika, maana nafasi ilikuwa ghali,
kila herufi ina bei yake kwenye ile seva.
Nikampa moja ya zile barua aisome.
Akaisoma. Hakurudia tena habari ya bei.

Bi Ardis akaja mezani kwangu na kisanduku,
akazigeuza kadi mgongo juu.
*Usimpigie babake simu.*
*Anaogopa lifti, mtihani wake uwe ghorofa ya chini.*
*Brekke: alirudi Ijumaa kusema asante tu.*
"Haya yanakwenda wapi?"
Kuna sehemu ya maoni, nikasema. Herufi sitini.
Akahesabu kwa ncha ya kidole, midomo ikitikisika,
sentensi ya kwanza, ya pili,
kisha akaufunika mkono wake juu ya kadi
kama anayekinga mshumaa.

Februari tukafungua.
Mhazini ofisini kwake, mkutubi kwake, kasisi kwake,
wote mstari uleule, dakika ileile.
Walipiga makofi, wakakata keki ya mdalasini.
Bi Ardis hakuja kula. Alikuwa anachapa, vidole viwili.

Nilingoja aondoke, nikaifungua rekodi ya Lyle.
*Mamake asiandikiwe. Aende mtu.*
Herufi thelathini, nukta na nafasi zikihesabiwa.
Thelathini nyingine aliziacha wazi.
Nimehamisha kanzi ile mara tano tangu hapo, mashine hadi mashine,
na kila mara nimezihamisha na zile tupu.